Uchambuzi wa kisa: Game Boy kuongoza biti ya singeli bila laptopu

Hiki ni kisa cha kweli cha jamaa mmoja prodyuza wa singeli, Dar es Salaam. Jina, mtaa na majina ya watu aliokuwa nao nimeyatoa, mengine yote ni kama yalivyotokea. Nimeandika kirefu kidogo kwa sababu watu wengi wanaulizia hii kitu ya kutumia gemu ya mkononi kama sikwensa ya MIDI, yani kitu kinachopanga noti na kuzituma kwa waya kwenda kwenye mashine nyingine za muziki, na majibu wanayopewa ni nusunusu, mtu anaambiwa "inawezekana" halafu basi, anaachwa apambane mwenyewe na waya.

Mhusika na shida yake

Jamaa anatengeneza biti nyumbani kwa laptopu kama wengi tu, lakini kazi zake nyingi ni za mtaani, vigodoro na shughuli za harusi, sehemu ambazo unapiga usiku kucha juu ya meza ya plastiki, vumbi, joto, mtu anamwaga soda, umeme unakatika halafu jenereta inawashwa na moto unaruka ruka. Laptopu yake betri ilishakufa siku nyingi, yani waya wa chaja ukichomoka sekunde moja tu muziki umekwisha na MC amebaki na maiki mkononi anaangalia watu. Ilishamtokea zaidi ya mara moja.

Alichotaka kilikuwa vitu vitatu. Kwanza kitu kinachotumia betri za kawaida za kununua dukani. Pili, kiwe na uwezo wa kubaki kwenye kipande kimoja muda wowote MC anaotaka, maana kwenye singeli MC akishika watu hamalizi mistari yake kwa hesabu ya prodyuza. Tatu, kifike spidi ya singeli, na hapo ndo vifaa vingi vinaanguka kwa sababu singeli inakaa BPM (mapigo kwa dakika) 200 mpaka 300.

Tayari alikuwa na mashine mbili ndogo za Korg, Volca Beats ya ngoma na Volca Bass. Zote zinakula betri sita za AA na zina tundu la MIDI la kuingizia. Kilichokosekana ni ubongo wa kuziongoza zote mbili kwa pamoja.

Kwa nini Game Boy na sio kingine

Aliangalia machaguo kama manne hivi. Nintendo DS ilimvutia sana kwa sababu ya skrini ya kugusa, lakini njia iliyozoeleka ya kutoa MIDI kwenye DS ni kupitia Wifi kwenda kwenye kompyuta yenye programu ya kupokea, sasa hapo laptopu imerudi mezani, tumefanya nini? Game Boy Advance nayo ina tundu la kebo, ila ina kasoro ambayo watu wengi hawaijui: mawasiliano yake ya UART, ile namna ya kutuma data inayofanana na ya MIDI, yana spidi nne tu, 9600, 38400, 57600 na 115200 (bits kwa sekunde). MIDI tangu imetoka mwaka 1983 inaenda kwa 31250 na haibadiliki. Kwa hiyo hata ukiunga waya vizuri namna gani hazielewani moja kwa moja, lazima kuwe na mkalimani katikati. Na volti za tundu lake kwenye gemu za Advance ni 3.3 wakati ubao wa Arduino wa kawaida (kakompyuta kadogo ka kuprogramu, ndo kangekuwa mkalimani) unatumia 5.

Game Boy ile ya zamani kabisa, ya 1989, nayo inahitaji mkalimani, lakini tundu lake ni volti 5 sawasawa na Arduino, na mkalimani wake ulishatengenezwa na watu wameutumia miaka mingi. Unaitwa Arduinoboy, kazi ya Timothy Lamb wa Marekani, kodi yake, yani maandishi ya programu, iko wazi mtu yeyote anachukua. Upande wa gemu kuna programu ya Little Sound Dj, watu wanaiita LSDJ, aliyoiandika Johan Kotlinski wa Sweden kuanzia mwaka 2000. Unaiweka kwenye kaseti ya gemu inayoandikika na Game Boy inageuka studio ya chaneli nne.

Kilichomaliza ubishi ni tempo. LSDJ inaanzia BPM 40 mpaka 295. Jamaa biti zake nyingi ziko 280. Na kama ukitaka 300 bado kuna ujanja, unaweka tempo 150 halafu kila hatua (nafasi ya noti moja) unaipa tiki 3 (vipande vidogo vya muda) badala ya 6, noti zinatoka kwa spidi ya 300. Akaamua hapohapo.

Kilivyoungwa

Ubao alitumia Arduino Nano ya Kariakoo. Kebo ya kuunganisha gemu mbili ilikatwa nusu, upande mmoja unaingia Game Boy, nyaya za upande wa pili zinalehemewa kwenye Nano. Hapa naomba niseme kwa msisitizo: usiamini rangi za nyaya. Kila kiwanda kina rangi zake, ile michoro ya mtandaoni inayosema nyekundu ni hii na bluu ni hii inaweza isilingane kabisa na kebo yako. Pima kila pini kwa mita, andika kwenye karatasi, ndo ulehemu. Jamaa alipima na hatua hii ilikwenda bila shida hata moja.

Upande wa kutoa MIDI ni rahisi mno, rezista mbili za ohm 220 na tundu la DIN la pini tano. Pini ya 4 inapata volti 5 kupitia rezista moja, pini ya 5 inapata data kupitia rezista ya pili, ya 2 ni ardhi. Kile kichipu cha mwanga cha 6N138 kinachotajwa kwenye michoro ni cha upande wa kupokea, yeye alikuwa anatuma tu kwa hiyo hakukihitaji.

Volca zile hazina tundu la kupitisha MIDI kwenda kwenye mashine inayofuata, zinapokea tu. Jamaa akatengeneza kebo ya Y, DIN moja inagawanyika mara mbili. Hili nitalirudia mbele.

Chaneli nne za Game Boy (pulse mbili, noise na wave) alizigawa hivi: pulse ya kwanza, pulse ya pili na noise zote zitume kwenye chaneli ya MIDI (namba ambayo mashine inaisikiliza) namba 10 ya ngoma, wave itume kwenye besi. Kwa nini tatu kwa ngoma? Kwa sababu kila chaneli ya LSDJ inatuma noti moja tu kwa wakati, ukitaka kiki, makofi na haiheti vipige pamoja unahitaji chaneli tatu. Na uzuri wenyewe ni kwamba amri ya kutuma MIDI inakaa kwenye safu ya amri, noti ya Game Boy yenyewe inakaa kwenye safu yake, kwa hiyo chaneli ileile inaweza kupiga melodi kwa sauti ya gemu huku inatuma kiki nje. Ile sauti kali ya Game Boy juu ya singeli inakaa vizuri ajabu, mimi nilivyoisikia mara ya kwanza niliipenda palepale.

Mazoezi: ngoma zilizokataa kulia

Mara ya kwanza kuwasha, besi inalia, ngoma kimya. Kimya kabisa isipokuwa sehemu moja kwenye biti ambapo inapiga kengele ya agogo, na yeye agogo hajaiandika popote.

Wakabadilisha kebo, wakabadilisha tundu, wakazima na kuwasha, usiku ukaisha. Waliokuwepo wakasema Volca imeharibika. Lakini mashine iliyoharibika haichagui kupiga agogo kwa wakati uleule kila mzunguko, na hiyo agogo ndo iliyotoa jibu.

Kitabu cha Volca Beats kinasema kiki ni noti 36, snea 38, makofi 39, haiheti iliyofungwa 42, tomu ya chini 43, agogo 67. Jamaa akaandika kwenye LSDJ N36, N38, N39, N42, N43 (N ndo amri ya kutuma noti). Kumbe LSDJ inaandika namba za amri zake kwa heksa, yani hesabu ya 16. N36 kwenye heksa ni 3 mara 16 jumlisha 6, ambayo ni 54. Volca haina ngoma yoyote kwenye 54, inakaa kimya. N38 ni 56, kimya. N39 ni 57, kimya. N42 ni 66, kimya. Ila N43, aliyodhani ni tomu, ni 4 mara 16 jumlisha 3, 67, na 67 ndo agogo! Mashine ilikuwa inatii neno kwa neno.

Baada ya kubadilisha, kiki ikawa N24, snea N26, makofi N27, haiheti N2A, tomu N2B. Akabandika karatasi nyuma ya gemu yenye namba hizo. Biti ikalia.

Mazoezi: mengine mawili

Nano ilikuwa inapata umeme kutoka pawabenki. Biti inaanza vizuri, baada ya muda kidogo kila kitu kinasimama, ukibonyeza kitufe cha pawabenki inaendelea. Sababu ni kwamba Nano inakula umeme mdogo sana, na pawabenki nyingi zikiona mzigo mdogo hivyo zinadhani simu imeshajaa, zinajizima zenyewe. Akahamia betri ya volti 9 kwenye pini ya VIN, ikaisha hiyo habari.

Ya pili ni ile kebo ya Y. Ngoma zilikuwa sawa, besi inaruka noti, mara inalia mara hailii. MIDI ni mkondo wa umeme wa kama miliampia 5 unaowasha taa ndogo ndani ya mashine inayopokea, ukiugawa kwa mashine mbili kila moja inapata pungufu na ile yenye taa ngumu kuwaka inaanza kukosa. Suluhisho alilochagua ni tundu la pili la DIN lenye rezista zake mbili kutoka pini ileile ya Nano, maana pini moja ya ubao ule inabeba miliampia 20 bila wasiwasi. Shilingi kidogo tu na dakika chache za kulehemu, besi ikatulia.

Uamuzi mgumu: melodi ya taarabu

Singeli bila kale kakipande ka kinanda ka taarabu kanakozunguka haijakaa sawa. Game Boy haiwezi kutuma sauti ya kurekodi kwa MIDI, inatuma amri za noti tu. Jamaa akaamua kipande hicho kipigwe na simu: ameki-eksipoti kwa BPM 280 kamili, simu imeunganishwa kwenye miksa, yeye anabonyeza pleya na Game Boy kwa wakati mmoja.

Sababu yake ilieleweka, simu anayo, haina gharama, na kwenye mazoezi ya vipande vifupi ilisikika sawa. Mtu mmoja alimwambia itaachana, akajibu, "Kaka, zote ziko 280, zitaachana vipi?"

Siku yenyewe

Shughuli ilianza vizuri kuliko tulivyotegemea. Jamaa alitumia ile hali ya laivu ya LSDJ, ambapo kila chaneli inazunguka kipande chake mpaka wewe uiambie iende kingine. MC akikolea, prodyuza anakaa palepale. MC akitaka kubadilisha, anaangalia nyuma, gemu inapokea amri na inasubiri kipande kiishe ndo inahama, hakuna kukatika katikati. MC alimwambia baadaye hajawahi kupata nafasi namna hiyo na laptopu, na mimi naliona hili kuwa faida kubwa kuliko hata betri.

Umeme ulikatika mara moja. Spika zilizima, ni kweli, lakini Game Boy na Volca ziliendelea kwenye betri zao, jenereta ilipowaka biti ilikuwa inaendelea katikati ya mstari, na watu walipiga kelele kana kwamba ilipangwa.

Kilichovunjika ni melodi ya simu. Dakika ya kwanza sawa, ya pili unaanza kusikia kinanda kinavuta nyuma, ya tatu ni vurugu. Ikabidi anyamazishe simu kwenye miksa na kumaliza sehemu ile kwa ngoma, besi na sauti ya gemu peke yake. Watu waliendelea kucheza ila yeye mwenyewe alijua kitu kimepungua, na MC pia alijua.

Na skrini. Game Boy ya 1989 haina taa ya ndani. Usiku haionekani kitu, alishika tochi ya simu kwa meno karibu muda wote.

Uchambuzi

Nianze na hiyo melodi kwa sababu ndo fundisho zito la kisa hiki. Kuandika 280 kwenye vifaa viwili hakuvifanyi viende pamoja. Kila kifaa kina saa yake ndani na hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Chukua tofauti ndogo tu, sehemu moja ya elfu: baada ya dakika moja ni milisekunde 60. Kwenye BPM 280 hatua moja, yani robo ya pigo, ni milisekunde kama 54. Maana yake ndani ya dakika moja umeshapishana hatua nzima. Kwenye muziki wa taratibu wa BPM 80 hatua moja ni kama milisekunde 188, ungechukua dakika tatu kufika hapo na kipande kingekuwa kinakaribia kuisha. Spidi ya singeli inaadhibu haraka, na ndo maana mazoezi ya vipande vifupi hayakuonyesha ugonjwa.

Ndo maana nasema Game Boy ikikaa mezani iwe ndo saa pekee, kila kinachotoa sauti kisubiri amri kutoka kwake. Jamaa alirekebisha hivi: aliazima Volca Sample, mashine nyingine ya Korg inayopiga sauti zilizorekodiwa, akakata kipande cha kinanda kikawa cha bari moja (mapigo manne), na LSDJ inatuma noti mwanzo wa kila bari kukianzisha upya. Bari moja kwa 280 ni milisekunde 857. Sehemu moja ya elfu ya hapo haifiki hata milisekunde moja, na haijilimbikizi kwa sababu kila bari inaanza sifuri. Alilipia kwa kupoteza chaneli moja ya ngoma, pulse ya pili sasa inatuma kinanda, kwa hiyo ngoma zinazoweza kupiga pamoja ni mbili tu. Mimi naona alibadilishana vizuri, haiheti ikikosa kwenye kiki mtu hasikii, kinanda kikiachana kila mtu anasikia. Pia ilibidi apange upya namba za chaneli, maana Volca Sample inasikiliza kuanzia 1 mpaka 10, kila sehemu yake na chaneli yake, akaipeleka ngoma na besi juu ya hapo.

Kuna watu walimtisha kwamba MIDI ni ya zamani, haitaweza spidi hiyo. Hesabu inakataa. Baiti moja ya MIDI inachukua milisekunde 0.32, ujumbe wa noti ni baiti tatu, karibu milisekunde moja. Noti nne kwa mpigo ni kama milisekunde nne na tiki moja ya LSDJ kwenye 280 ni karibu tisa. Zinaenea.  

Kuhusu heksa, kosa lile lisingechukua usiku mzima kama wangejaribu noti moja moja. LSDJ hatua ina nafasi ya amri moja, andika N01, N02, kwenda mbele, sikiliza kipi kinalia, utajua ramani ya mashine yako bila hata kufungua kitabu. Badala yake kila mtu alishika kebo. Na ile agogo iliyolia peke yake ilikuwa na taarifa zaidi ya kimya chote, kitu kinachofanya kazi vibaya kwa mpangilio uleule kila mara sio waya uliolegea.

Alichofanya vizuri toka mwanzo ni kupima kebo na kuchagua gemu yenye volti sawa na ubao. Najua watu waliochoma gemu kwa kuruka hatua hizo mbili.

Ambayo bado

Arduinoboy inatuma kila noti kwa nguvu ileile, 127, huwezi kupiga snea laini na snea nzito. Kwa sasa anabadilisha kodi ili amri ya X (ya kugusa mipangilio ya mashine, sio noti) ibadilishe ukubwa wa sauti ya ngoma moja moja, inafanya kazi lakini inakula hatua. Game Boy imeshawekewa taa ya ndani na fundi wa simu, tochi imepumzika.

Kilichobaki kinachonipa wasiwasi ni kaseti. Inatunza nyimbo kwa betri ndogo ya kidonge ndani yake, betri ikifa nyimbo zote zimekwenda, na haitoi dalili yoyote kabla. Ameshaagiza kaseti ya aina isiyotegemea betri. Mpaka ifike, kila akimaliza kazi anatoa nakala kwenye laptopu ileile ya nyumbani kabla hajalala.